Vita vya Mezani na Hesabu ya Magunia

Watu wazima wakionekana wanacheza mchezo wa vita juu ya ramani, wengi huwacheka na kusema huo ni utoto. Nawaomba wasomaji wasifanye haraka kucheka, kwa maana liko somo katika mchezo mmoja wa namna hiyo lililonifaa katika kazi yangu ya ukarani, nami nadhani litawafaa wakulima vilevile.

Mchezo wenyewe si jambo jipya. Maofisa wa Prussia waliutumia tangu mwaka 1824 kujifunza kuongoza majeshi. Kwa upande mmoja unafanana na bao, kwa kuwa kila mtu hupanga na kukisia hila ya mwenzake. Lakini katika bao kete zote zi wazi mbele ya macho, na katika mchezo huu kila upande huketi mbali na mwenzake, na waamuzi ndio wapelekao habari, tena kwa uchache, kama ilivyo vitani.

Mchezo ninaoutaja ulifanyika Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi la Uingereza, katika mwaka 1974. Swali lilikuwa hili: kama Hitler angalivuka bahari mwaka 1940, ingalikuwaje? Maana Julai mwaka ule Hitler alitoa amri ya kuandaa shambulio lililoitwa Simba-Bahari, na mwezi wa Septemba akaliahirisha bila kutaja siku. Halikutimizwa kamwe.

Waamuzi walikuwa sita, Waingereza watatu na Wajerumani watatu, na wote walikuwa wamepigana katika vita ile. Adolf Galland na Christopher Foxley-Norris walikuwa wamerusha ndege za vita mwaka 1940, kila mmoja upande wake. Friedrich Ruge alikuwa amiri wa Kijerumani. Watu waliowindana angani na baharini wakaketi kuamua kwa haki nani angalishinda.

Katika mchezo, Wajerumani walivuka tarehe 22 Septemba 1940, nao walifaulu kushuka pwani. Askari 90,000 hivi walikanyaga ardhi ya Uingereza, na wa miavuli wakatua nyuma ya pwani. Kama mchezo ungalikomea hapo, kila mtu angalisema Hitler ameshinda.

Lakini shida ilikuwa nyuma yao. Walivuka kwa matishali, na mengi yalikuwa yameundwa kubeba mizigo mitoni, siyo baharini. Mengi hayakuwa na injini, yakahitaji kuvutwa taratibu. Tena mpango wao ulitaka kuvusha maelfu ya farasi, na kila mfugaji ajua farasi hangoji majani. Hapo Dover bahari ina upana wa kilomita 33 tu, lakini manowari za Kiingereza zilipofika kwa wingi, matishali yaliyoleta msaada yalizamishwa, na njia ikafungwa.

Na tufanye hesabu kwa kipimo chetu. Kila askari akila nusu kilo ya unga kwa siku, watu 90,000 hutaka magunia 500 ya kilo 90 kila siku, mbali na risasi, mafuta na dawa. Siku ya kwanza waweza kuvumilia. Siku ya tatu bunduki isiyo na risasi ni fimbo tu.

Waamuzi wote walikubaliana kwamba Wajerumani wameshindwa vibaya. Waliorudi Ufaransa walihesabiwa kuwa 15,400. Mateka walikuwa 33,000, waliouawa 26,000, na waliokufa maji 15,000. Namshukuru Mungu kwamba hao walikufa katika karatasi tu.

Habari hizi nilizisoma wakati mpwa wangu, aliye askari, aliponiletea barua ya manung'uniko. Alikuwa amewekwa bohari, ahesabu viatu, mablanketi na mikebe ya nyama. “Mjomba,” aliandika, “wenzangu wako mpakani, nami nahesabu viatu vya watu wengine.” Akanitaka nimsaidie kutunga barua ya kuomba kuacha kazi. Jambo hili halikuwa dogo, kwa kuwa mama yake na wadogo zake wanne hula kwa mshahara ule.

Sikumkemea. Nilimwandikia habari ya askari 90,000 walioshuka pwani kwa ushujaa wakakosa mtu wa kuwafikishia mahitaji yao. Nikamwuliza: katika hao, ni nani aliyekuwa na haja zaidi na shujaa mmoja wa kuongeza, kuliko karani mmoja mwenye vitabu sahihi na chombo cha kubebea? Jibu lake halikusema kama atabaki au ataondoka. Liliuliza tu kama ile hesabu ya unga nimeijumlisha vema, kwa sababu yeye ameona nimesahau chumvi.

Basi, ndugu msomaji, mkulima anayepanda ekari kumi bila kujua mavuno yatafikaje sokoni wakati wa masika, na mzee wa kamati anayejenga zahanati bila kuuliza dawa zitatoka wapi mwaka wa pili, wote wameshuka pwani bila matishali. Wahenga walisema mipango si matumizi. Kabla ya kuvuka, hesabu kwanza ya nyuma.