Redio yetu na mwembe wa Urambo

Haya wadau, mwenzenu nilikuwa kimya, ila si supu jamani! Tunapanga safari. Likizo hii mimi na washkaji wawili wa darasani tunataka kusimamisha kituo cha redio ya ridhaa kwetu Urambo, siku tano.

Kwa asiyejua: siyo kutangaza kama FM. Unaita, mtu wa Japani au Brazili anajibu, mnaambiana mnasikikana vipi, unaandika kwenye daftari, basi. Hakuna biashara.

Wageni wenye mitambo hii wanapenda Zanzibar, kwa sababu kwa wanaokusanya visiwa ina namba yake, AF-032. Wamarekani ndio kabisa: kwenye orodha yao ya nchi za redio Zanzibar ilihesabika peke yake hadi Mei 1974, miaka kumi baada ya Muungano! Sisi wa bara hatuna bahari, lakini miembe tunayo. Kwa megahezi 14.2 unagawa 143 kwa 14.2, unapata waya wa mita 10, tano kila upande. Unafunga jiwe kwenye kamba, unarusha juu ya tawi, unavuta.

Kazi ni betri. Mtambo wa wati 100 unakula kama ampea 20 ukiongea, na betri ya sola ya ampea-saa 100 ni karibu kilo 30. Huo ni mzigo mzima wa mpagazi wa zamani, frasila mbili! Na ruhusa ya kupita ni ileile. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alifunga njia, Stanley akazungukia kusini kwenda Ujiji. Siku hizi unaomba TCRA: leseni kwanza, na jina la kituo linaloanza na 5H.

Mshkaji mmoja anasema tusubiri wageni waje na mnara wao, bumu tulile. Mi nimekataa. Mgeni akimaliza anafungasha mtambo na daftari, anaondoka. Sisi tunataka waya ubaki mwembeni, na madogo wa sekondari wajue kuupima wenyewe. Halafu jua lilifika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 karibu na 2024. Likipoa, masafa ya juu ndiyo yanakufa kwanza.

Kwa hiyo bumu langu linanunua betri. Mkiniona nakula mihogo mwezi mzima, msiniulize. Mwenye koili ya waya wa shaba asiyoitumia anicheki hosteli.