Ameshiba, Lakini Damu Haitoshi



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni maradhi ya utumbo. Hapa Lingeka yupo mama mmoja ninayemtembelea. Kwa miaka miwili alikula ugali wa mtama, mlenda na michembe kama wenzake, lakini akazidi kukonda na kupauka. Majirani walimdhania mengi: uvivu, kulogwa, hata Ukimwi. Naye alinyamaza, kwa kuwa aliona aibu kusema kwamba anaharisha damu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatimaye alipelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, akachunguzwa kwa mrija wenye kamera, ikabainika kuwa ana uvimbe sugu wa utumbo.

Ndugu zangu, kushiba si sawa na kulishwa. Madini ya chuma hufyonzwa hasa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Uvimbe unapokuwa mkali, ini huzidisha homoni iitwayo hepsidini, nayo huzuia chuma kuingia katika damu. Kwa hiyo hata vidonge vya kuongeza damu huweza kumezwa bila faida kubwa, na daktari akalazimika kutia chuma kwa njia ya mshipa. Zinki hupotea kwa kuharisha. Kalsiamu nayo hupungua, hasa kwa anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na mifupa hudhoofika.

Ni kweli kwamba kwetu upungufu wa damu mara nyingi hutokana na malaria, minyoo, kichocho au lishe duni. Tena kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na uvimbe huo, ilhali tiba zake ni tofauti. Ndiyo sababu kukisia ni hatari. Vipimo ndivyo vinavyotenganisha.

Mama yule sasa anatibiwa. Ugonjwa haujaisha, lakini amerudi shambani. Aliniambia kwamba maumivu ya tumbo aliyavumilia. Lililomshinda ni kuambiwa na watu wake mwenyewe kwamba anajidekeza.

Basi, tukimwona jirani anayekula bila kunawiri, tusimhukumu. Tumsindikize zahanati, tumchangie nauli, na tumsaidie kusema bila aibu yale anayoyaona chooni. Huo nao ni upendo wa jirani.

Nawatakia juma jema.