Gari Lishuke kwa Kiasi Gani?

Katika jumuiya yetu wapo wanaoona ajabu kwa katibu wa kamati ya msikiti kumiliki Subaru Impreza WRX, gari la michezo lenye turbo. Siwalaumu, kwani gari hili limezoeleka kuwa la vijana wapenda kishindo. Kwangu mimi ndilo gari pekee la nyumba. Asubuhi linapeleka watoto shule, jioni linawapeleka madrasa, na kila mwisho wa juma linatoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kumjulia hali mama yangu. Usiku jirani akizidiwa na maradhi, mlango unaobishwa mara nyingi ni wangu. Kwa sababu hiyo, swali la kulishusha gari hili au kuliacha lilivyo halikuweza kubaki swali la gereji peke yake. Lilikuwa swali la familia na, kwa maoni yangu, lilikuwa swali la dini pia.

Wanazuoni wa usuli, akiwemo Imamu Shatibi wa Granada, wameyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: yale ya lazima, yale ya haja, na yale ya mapambo. Kuhifadhi uhai kumo katika daraja ya kwanza. Gari kukaa chini, tairi zikajaza vizuri nafasi chini ya bodi, ni katika daraja ya tatu. Pambo si haramu kwa kuwa ni pambo tu, na Uislamu haukuja kuwanyima watu uzuri. Hata hivyo, jambo la daraja ya tatu halipewi ruhusa ya kubomoa la kwanza. Kipimo hicho nilikipata darasani chuoni, lakini sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningekibeba hadi kwenye maduka ya vipuri.

Insafu inataka tuanze na hoja ya wanaoshusha, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Gari linapokata kona, uzito huhamia kwenye magurudumu ya upande wa nje. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu, ndivyo uzito mwingi zaidi unavyohama, na tairi za ndani hupoteza mshiko. Ukikishusha kitovu hicho, gari hutulia. Tukumbuke lakini kwamba katika gari dogo kitovu hicho kiko takribani nusu mita tu kutoka ardhini, na injini ya Impreza, ambayo mitungi yake imelala kulia na kushoto, tayari inakaa chini. Kushusha sentimita 3 kunapunguza uzito unaohama kwa kama asilimia 6. Faida hiyo ni ya kweli, ila ni ndogo. Utulivu mwingi anaousikia dereva baada ya kushusha hutokana na springi mpya kuwa ngumu zaidi, wala si na kule kushuka kwenyewe.

Upande wa pili wa mizani una mambo mazito. Springi na shokapu zinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Kila sentimita unayoishusha gari unaipunguza katika nafasi ya kupanda, na ikiisha, gari hugonga raba za mwisho na kishindo chote kinaingia kwenye bodi na migongo ya abiria. Tena, gari likishushwa mno, mikono ya chini inayoshika magurudumu huelekea juu badala ya kulala sawa. Hapo sehemu ambayo bodi huiegemea inapoinama hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, na gari hutaka kuinama zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani, mpaka lifungwe springi ngumu kupita kiasi. Magurudumu nayo hulala kwa ndani, na usipopima alaimenti upya, tairi huliwa upande wa ndani ambako mwenye gari haoni anapotembea kulizunguka.

Vijana wetu wengi wanaipenda Impreza kwa sababu ya mashindano, na mashindano hayo yana somo. Gari hili lilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns. Katika mbio hizo za Afrika Mashariki, mafundi wa timu hawakulishusha. Walilipandisha na kuliimarisha, wakalipa nafasi ndefu ya springi ili listahimili mawe, mashimo na mito. Katika mbio za barabara za lami za Ulaya, timu hizo hizo ziliweka magari yao chini. Mabingwa waliitazama barabara kwanza, kisha wakaamua kimo. Anayeiga gari la lami ya Ulaya huku akiishi penye matuta na mashimo ya masika ameiga picha na kuiacha elimu iliyo nyuma yake.

Njia za kushusha zilizoko mbele ya mtu wa kipato cha kawaida ni tatu. Ya kwanza ni kukata springi za gari au kuzichoma kwa moto hadi zilale. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo niliyoikataa bila kushauriana na mtu. Moto huharibu ugumu ambao kiwanda kiliuweka ndani ya chuma. Springi iliyokatwa inaweza kulegea na kutoka katika kikalio chake gurudumu linaponing'inia shimoni. Shokapu za asili nazo hazikutengenezwa kwa ajili ya springi ya namna hiyo. Kufanya hivyo katika gari linalobeba watoto wa watu ni kuchezea amana.

Njia ya pili ni koilova, yaani shokapu iliyovikwa springi na kukatwa nyuzi za kupandisha na kushusha kimo. Ni kifaa kizuri kikiwa cha asili na kikiwekwa na fundi anayekijua. Lakini nyingi za gari hili huja na springi za kilo 6, 7 au hata 8 kwa kila milimita, ugumu unaofaa uwanja wa mashindano kuliko barabara ya mtaa. Zile zilizotumika nazo huuzwa nyuzi zikiwa zimeshika kutu. Njia ya tatu ni springi fupi kidogo na ngumu kidogo, zikiandamana na shokapu mpya zinazolingana nazo. Hii haina kishindo cha kumvutia mtu barazani.

Nyumbani tulikaa tukashauriana. Mke wangu aliuliza swali ambalo hakuna muuza vipuri aliyeniuliza: "Umelipima likiwa tupu, au tukiwa sote ndani?" Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko matangazo yote niliyoyasoma. Tukampakia kila mtu, tukaweka na mizigo ya Bagamoyo, nikalala chini na rula. Gari tupu lilikuwa na sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Likiwa limejaa, zilibaki 12. Tuta lililo karibu na msikiti wetu lina sentimita 9. Ningelishusha sentimita 4 kwa springi laini, tumbo la gari lingekaa chini ya kimo cha tuta lile kila ninapobeba wazee baada ya swala ya Isha.

Hesabu ikatuonyesha njia. Springi inayoshusha gari kwa sentimita 1.5 lakini ngumu kwa kama theluthi moja zaidi huliweka gari chini kidogo zaidi likiwa tupu, ila hudidimia pungufu inapopakiwa. Gari likijaa, tofauti ya kimo na lile la zamani haifiki sentimita 1. Hizo ndizo tulizochagua, pamoja na shokapu mpya nne na bushi mpya mahali zilipochoka, kisha alaimenti. Fundi, mtu mwenye subira, alinishauri nibadilishe shokapu hata kama nisingeshusha chochote, kwa kuwa za zamani zilikuwa zimekwisha. Nilipanga fedha kwa miezi kadhaa ili ada za shule zisiguswe.

Hakimu wa mwisho alikuwa mama. Nyonga yake ina maumivu ya muda mrefu, naye hasemi maneno ya kumfurahisha mtu. Tulipofika mwisho wa ile njia ya mchanga inayoingia kwake baada ya kumrudisha kutoka hospitali, alisema, "Mwanangu, leo halikunirusha." Kurushwa kule kulikuwa ni kazi ya shokapu zilizokufa, na miaka yote alinyamaza kwa kunihurumia. Nimejifunza kwamba abiria wetu wazee hawalalamiki. Ni wajibu wetu kuwauliza.

Vijana wa msikiti walilitazama gari wakacheka. "Ustadh, hilo umelishusha au limeishiwa upepo?" Mmoja wao ana gari la namna hiyo hiyo na amekusudia kukata springi kwa sababu ya uchache wa fedha. Sikumhutubia. Nilimkopesha rula, nikamwomba ampakie mama yake na wadogo zake, apime mwenyewe, kisha aje tuzungumze. Hadi ninapoandika makala hii bado hajazikata, na shokapu nimemwahidi kumsaidia kutafuta.

Kwa ndugu yangu msomaji mwenye hamu kama yangu, nasihi yangu ni hii: anza kwa kurekebisha kilichochakaa, kisha pima ukiwa na mzigo wote, halafu washauri wale watakaokaa viti vya nyuma. Baada ya hapo fedha ikibaki, pamba. Luqman alipomuusia mwanawe, alimtaka awe wa wastani katika mwendo wake. Alikuwa akisema juu ya kutembea kwa miguu, lakini sioni kwa nini wasia huo uishie pale tunaposhika usukani.

Wabillahi tawfiq.