Motokaa Iliyokataa Kuwaka

Vijana wa madrasa yetu hapa Mtwara hupenda habari za motokaa kuliko habari za nahau, wala siwalaumu sana. Leo nawaandikia habari ya motokaa, lakini ndani yake mna aibu yangu mwenyewe, nami nimeona ni heri niieleze kwa mkono wangu kuliko kuelezewa na wengine.

Tunayo Land Rover kuukuu ya petroli, ya namna ile ya Series III iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na kuachwa mwaka 1985. Waislamu walichanga fedha tukainunua ikiwa imekwisha kuzeeka. Hutuchukulia watoto kwenda maulidini Mikindani, hutuchukulia saruji, na mara nyingine jeneza. Mwenye kuiendesha ni kijana aliyesoma kwangu tangu juzuu Amma. Baba yake amekufa, naye ndiye anayemlisha mama yake.

Jumatano moja tulikwenda Msimbati kusoma hitima. Njia ile, ukiisha kupita Madimba penye mtambo wa gesi, ni mchanga mtupu, na huko Msimbati motokaa hupita juu ya mchanga wa pwani, karibu na maji ya bahari. Tuliporudi jioni niliona mchanga na chumvi vimeshika hata ndani ya boneti. Mimi nachukia uchafu. Kijana alipokwisha kuniaga, nikawaita watoto wanne na ndoo zao, nikafunua boneti, tukaimwagia injini maji mpaka ikang'aa. Nikalala nimefurahi.

Alfajiri ikaja habari kwamba mwalimu mwenzangu wa Kilambo, tuliyesoma naye chuo kimoja utotoni, amefariki usiku, na maziko ni baada ya Adhuhuri. Kilambo iko karibu na Mto Ruvuma, pale watu wanapovuka kwenda Msumbiji. Tukasubiri wazee wakusanyike, ikafika saa nne. Wazee saba wakapanda, kijana akatia ufunguo. Injini ikazunguka kwa nguvu, lakini haikuwaka. Mara ya pili, ya tatu, hata ya sita, mambo ni yale yale. Nikatazama mshale wa petroli, nikauona umelala chini kabisa.

Nikamwambia, "Juzi nilikupa fedha ya lita 20. Petroli iko wapi?"

Akajibu, "Imo, maalim. Mshale huu umekufa tangu Ramadhani."

Nikasema, "Mwanangu, usinifanye mimi mtoto mdogo." Nikayasema hayo mbele ya wazee na mbele ya wanafunzi. Kijana akainamisha kichwa. Mzee mmoja akaguna, lile guno la mtu aliyekwisha amini.

Kwa bahati fundi mmoja mzee wa Mikindani alikuwa akipita. Akasalimu, akauliza kuna nini, nami nikamwambia hamna petroli. Akauliza, "Nani aliyepima?" Hapana aliyejibu.

Akamwambia kijana apige stata tena, akasikiliza, akasema betri na stata ni nzima, kwani betri ikiwa dhaifu injini huzunguka kwa uvivu au hulia tak-tak tu. Motokaa ya petroli yenye kuzunguka bila kuwaka, alisema, mara nyingi imekosa kimoja katika viwili, ama petroli ama cheche, na mtu asiseme ni kipi mpaka ameuliza kila kimoja kwa zamu yake. (Za dizeli ni habari nyingine, kwani hazina plagi za cheche, na hizi mpya zina kompyuta inayotaka kusomwa kwa chombo chake.) Akachukua ufito mkavu, akautia ndani ya tangi. Ukatoka umelowa zaidi ya shubiri. Alipouinua ule ufito nilitazama kando.

Lakini petroli kuwamo tangini si kufika katika injini. Akafungua plagi moja, akainusa, akanipa nami niinuse: imelowa petroli. Kama ingalikuwa kavu, alisema, angalifuata bomba, kichujio, pampu na kabureta. Akaikausha plagi, akairudisha katika waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na lile tundu ilikotoka ili mvuke wa petroli usishike moto, akaushika waya kwa kitambaa kikavu, stata ikapigwa. Hapana cheche hata moja. Kisha akauchomoa waya mnene wa katikati utokao katika koili, akausogeza karibu na chuma kiasi cha unene wa msumari. Hapo ikaruka cheche ya buluu yenye mlio. Akatabasamu, akasema, "Koili inafanya kazi, platini zinafanya kazi. Cheche inapotea njiani." Maana cheche ikitoka koili huingia katika kifuniko cha distributa, na humo rota huigawia kila plagi kwa zamu. Kama isingaliruka hapo, angalitazama platini, kondensa na koili yenyewe, na sisi watu wa pwani platini hutusumbua sana kwa kutu ya hewa ya chumvi.

Akakifungua kifuniko. Ndani yake mlikuwa na matone ya maji, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Akauliza, "Nani aliyeiosha injini hii?"

Watoto wanne wakanitazama mimi.

Fundi akakausha kifuniko na rota, akaviweka juani, akazifungua plagi zote akazikausha, kwani kwa kupigiwa stata mara nyingi zilikuwa zimejaa petroli. Motokaa ikakohoa moshi mweusi, ikawaka. Hapo ndipo iliponipasa kusema neno, nami sikulisema. Nilisema, "Twendeni, tumechelewa."

Tulifika Kilambo kaburi limekwisha fukiwa. Tukasali pale pale kaburini, kama Mtume s.a.w. alivyomsalia yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti, naye amezikwa bila Mtume kuarifiwa. Kijana alisimama safu ya nyuma. Miaka mingi nimewasomesha watoto Suratul Hujurat, nikiwaeleza amri ya Mwenyezi Mungu ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na katazo la dhana katika sura hiyo hiyo. Fundi yule alipima ufito kabla ya kunena. Mimi mwenye kusomesha sikupima kitu.

Ijumaa, baada ya sala, nikawaomba wale wazee saba wakae barazani, nikamwita kijana, nikasema mbele yao kuwa nilimsingizia na kwamba maji niliyatia mimi. Nilidhani yamekwisha. Kumbe yule mzee aliyeguna alikuwa amemsimulia mkewe, mkewe akasimulia sokoni, na mwenye duka mmoja wa Chikongola alikuwa amekwisha mkatalia mama yake kijana mchele wa mkopo, akisema hawezi kukopesha nyumba ya mwizi. Mama huyo hakuniambia. Niliambiwa na mwanafunzi. Nikaenda dukani kwa miguu, nikaeleza tena mambo yote, ndoo, maji na ufito, na wateja wamesimama wakisikiliza. Kisha nikapiga hodi kwa mama yake. Akanikaribisha, akanipa kiti, akaniambia, "Maalim, mimi nilijua." Sikukinywa kikombe cha chai alichoniletea mpaka kikapoa.

Kijana bado anaiendesha Land Rover ile. Nilipomtaka radhi peke yake, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Siku nyingine ukitaka kuiosha, maalim, funika distributa kwanza." Akakata kipande cha mpira wa tairi la ndani, akakifunga pale kwa kamba. Mshale wa petroli haujatengenezwa hata leo. Ufito uko chini ya kiti.