Luthuli Hadi Kamukunji: Kuitafutia Amplifaya Dawa ya Joto

Ukishuka kwenye matatu katika Tom Mboya Street, mpenzi msomaji, huna haja ya kuuliza Luthuli Avenue iko wapi. Masikio yatakupeleka. Kila duka limetoa spika mlangoni, na kila spika inataka kuishinda ya jirani. Barabara hii ina jina la Albert Luthuli, yule Mwafrika Kusini aliyetuzwa Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, lakini amani yenyewe hutaipata hapa mchana. Angalau tangu 2019, magari yalipoachiwa upande mmoja na njia ya miguu kupanuliwa, unaweza kutembea bila kukanyagwa.

Wengi huja hapa kununua redio iliyokamilika. Leo hebu fuatana nami kama watu wa aina nyingine, wale wanaonunua vipuri na kwenda kujiundia amplifaya nyumbani. Nimekuja na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha nne. Karatasi yake ina orodha ndefu: transfoma, kapasita, transista mbili za 2N3055. Nikamwuliza, "Na joto utalipeleka wapi?" Akanitazama kama niliyemwuliza habari za mvua.

Nilimwuliza kwa sababu najua uchungu wake. Mwaka 1994 niliunda amplifaya ya kwanza kwa ajili ya ruracio ya dada yangu. Spika niliazima kwa jirani. Ilicheza vizuri asubuhi nzima, nami nikavimba kichwa. Wageni walipokaribia, mama akaona chombo kile kinaaibisha sebule, akakifunika kwa kitambaa chake kizuri cha kushona kwa mkono. Unavijua vitambaa hivyo. Hakuna nyumba iliyovikosa. Baada ya saa moja tukasikia mngurumo mzito, kisha harufu ya kuungua. Transista ilikuwa imeungana ndani, umeme wote ukaingia kwenye spika na kuchoma koili. Bahati nzuri moto haukushika pazia. Spika za jirani nilizilipa kwa mshahara wa miezi mitatu, na mama hadi leo anasema kosa halikuwa la kitambaa.

Kwa kweli kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefunga transista kwenye kipande cha bati.

Elewa hesabu yake, si ngumu. Chukua amplifaya ya kawaida ya wati 50, yenye spika ya omu 8 na umeme wa volti 35 chanya na 35 hasi. Wengi hudhani joto huzidi sauti ikiwa juu kabisa. La hasha! Huzidi sauti ikiwa katikati: ikitoa wati 31 hivi kwenye spika, transista nazo hutoa wati 31 nyingine za joto tupu. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu, ndani ya sanduku, kwa saa nyingi. Ukifunga spika ya omu 4 badala ya 8, joto hilo huongezeka maradufu.

Muuzaji atakuambia 2N3055 hustahimili wati 115. Ni kweli, lakini ni pale tu gamba lake likiwa na nyuzi 25. Gamba likifika nyuzi 100, kiwango hicho hushuka hadi wati 66 hivi, na ndani ya transista zikifika nyuzi 200 hakuna kitu tena.

Kwa hiyo tulitafuta kipoza joto, kile ambacho mafundi hukiita hitisinki: kipande cha alumini chenye mapezi. Kwenye kaunta moja kijana akatuletea kilichong'olewa kwenye amplifaya kuukuu. "Mzee, hiki ni kizito, hakiwezi kukuangusha," akasema. Uzito si hoja, nikamjibu. Hoja ni mapezi, kwa kuwa hewa ndiyo inayobeba joto. Tulichukua hicho pamoja na vipande vya maika na grisi nyeupe ya joto.

Kazi ya kutoboa tuliipeleka Kamukunji. Teremka upande wa Machakos Country Bus kisha fuata mlio wa nyundo. Hapa ndipo masanduku ya wanafunzi, majiko na makarai huzaliwa, jua likiwa utosini. Fundi mmoja alitupa ushauri kwa moyo mweupe: "Mkubwa, achana na hii alumini, nikukatie chuma kinene, hakipindi." Nikamshukuru na kukataa. Chuma hupitisha joto kwa kiasi cha robo tu ya alumini, na hapo ndipo bati langu la 1994 liliponiponza. Tukakubaliana atoboe alumini kwa keekee, asugue kingo za matundu hadi ziwe laini, na chuma chake kitumike kwa sanduku, lenye matundu chini na juu. Matundu ya juu pekee hayasaidii; hewa baridi sharti ipate mlango wa kuingilia.

Nyumbani, paka grisi kidogo sana, kama siagi ya mtu bahili. Grisi ni ya kujaza mikwaruzo, si ya kufanya godoro. Weka maika kati ya transista na alumini, kaza skrubu, halafu pima kwa mita kama gamba la transista limegusana na alumini. Likigusana, simama hapo hapo. Mapezi yasimame wima ili hewa moto ipande. Ile transista ndogo inayorekebisha mkondo wa kutulia nayo ifungwe kwenye alumini hiyo hiyo. Transista kubwa zikipata moto hupitisha mkondo zaidi, mkondo huongeza joto, joto huongeza mkondo, hadi zife. Ile ndogo ikihisi joto hilo hupunguza mkondo mapema.

Siku ya kwanza ya kuwasha, unganisha globu ya zamani ya waya, ya wati 60, mfululizo na umeme wa ukutani. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kosa, na globu imekuokolea transista. Umeme wetu ni volti 240. Zima na uchomoe kabla ya kugusa chochote ndani, na uzipe kapasita muda wa kumaliza chaji.

Mpwa wangu anataka kuipeleka amplifaya hii Likoni kwa mjomba wake likizo ya Aprili. Mombasa mwezi Machi joto hufika nyuzi 32 na zaidi, na sebuleni penye watu huzidi hapo. Hewa ya pwani ni nzito kuliko yetu ya Nairobi, hivyo hupoza vizuri zaidi kidogo, lakini inaanza ikiwa tayari na joto. Nimemwambia aongeze feni ya volti 12 iliyotoka kwenye kompyuta mbovu.

Na kitambaa? Bibi yake ameshamtengea kimoja, cha rangi ya waridi. Tumekubaliana kitandikwe chini ya redio ya zamani, iliyokufa siku nyingi.