Kabla ya Kulaumu Ukoo, Tazama Chumvi

Kule Molo nilikolelewa, mtoto akichelewa kutembea au kusema, watu huuliza kwanza: ameyatoa wapi haya, kwa baba au kwa mama? Aghalabu lawama humwangukia mama. Shangazi yangu, aliyekuwa na rovu kubwa shingoni, alijaliwa binti asiyesikia vizuri na mzito wa kuelewa. Wakwe zake wakakata shauri kuwa damu ya kwetu ni mbovu. Aliishi na neno hilo miaka yote ya ndoa yake, na hakuna aliyelijali lile rovu.

Mpenzi msomaji, ni kweli kwamba jeni hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, nazo ndizo zinazoongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto tumboni. Seli changa ya ubongo huota mkia mrefu wa kupeleka habari na matawi ya kuzipokea, mfano wa mche wa kiazi unaotoa mizizi na majani. Hata hivyo, jeni nyingi hukaa kama mlango uliofungwa, zikingoja ufunguo.

Ufunguo mmojawapo ni homoni ya tezi ya shingo. Huingia ndani ya seli, ikashikana na protini iliyokaa kwenye jeni, na kazi ikaanza. Homoni ikipungua, seli huota matawi machache na mafupi, na nyingine hazifiki mahali pake. Jeni zenyewe huwa nzima. Kilichokosekana ni ufunguo.

Tezi haiwezi kutengeneza homoni hiyo bila madini ya ayodini. Mvua za miaka na miaka huyaosha madini haya kutoka kwenye udongo wa nyanda za juu, ndiyo sababu rovu lilienea milimani: tezi iliyoyakosa huvimba. Naye mtoto, katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, hutegemea homoni ya mamake tu. Sheria ya kutia ayodini katika chumvi ya kula ilipitishwa Kenya mwaka 1978.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 250 za ayodini kwa siku kwa mja mzito. Basi nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina ayodini. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Magadi ya kulainisha mboga hayashiki nafasi yake. Mwenye rovu na amwone daktari, hasa akiwa mja mzito. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni hii akianzishiwa dawa mapema, ubongo wake huweza kukua vyema.

Yako maradhi ya ubongo yatokanayo na jeni zenyewe, na hayo pia si hatia ya mtu. Lakini kabla wazee hawajaketi kumhukumu mama, na tuanzie jikoni, tusome pakiti ya chumvi.