Angani ni Saa Moja na Robo, Lakini Kutoka Mafinga?

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilometa zipatazo 830. Basi humaliza mchana mzima, na pengine kipande cha usiku. Kwa angani ni kama kilometa 690, na ndege huzimaliza kwa saa moja na robo hivi. Ukisikia hesabu hiyo, na una mgonjwa Dar, utasema heri nikope nipande ndege.

Sisi tunakaa Mafinga. Mwezi Juni tulikwenda, akina mama watatu, kumwangalia mwenzetu aliyelazwa huko, nasi tukaamua kuonja njia zote mbili: kwenda kwa ndege, kurudi kwa basi.

Ndege tulizifuata Songwe, uwanja uliofunguliwa mwaka 2012 badala ya ule wa zamani wa mjini Mbeya. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Mufindi ikituuma masikio. Miti ya Sao Hill, Nyololo, Makambako, Igawa, Chimala. Kisha Uyole na msururu wa malori ya Tunduma. Mpaka Mbeya ni kama kilometa 250. Songwe bado iko mbele, ukishapita Mbalizi. Tulifika saa tano, tukasubiri hadi saa saba.

Chukua ramani na rula, vuta mstari kutoka Songwe hadi Dar es Salaam. Utapita karibu kabisa na Mafinga! Yaani njia tuliyoihangaikia asubuhi nzima, tukiipa Dar mgongo, ndege iliirudia kwa muda usiozidi nusu saa, na sisi tumefungwa mikanda, tunapita juu ya majiko yetu wenyewe. Tulicheka, ingawa nauli haikuwa ya kuchekesha. Foleni za Dar nazo zilidai chao. Tulikaa kando ya kitanda cha mwenzetu saa kumi jioni: jumla, saa kumi na moja.

Kurudi tulipanda basi kituo cha Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Twiga wa Mikumi tuliwaona bure. Kitonga basi lilitambaa nyuma ya malori, Ilula tukanunua nyanya na vitunguu dirishani. Saa kumi na moja jioni tulikuwa Mafinga. Saa kumi na moja vilevile!

Tofauti tuliiona miguuni. Mmoja wetu ilimvimba, viatu vikakataa. Kwa mwenye mshono wa upasuaji hiyo si safari ya kushauri bila kumwuliza daktari. Na mjamzito asidhani ndege haina masharti: mimba ikiwa kubwa, mashirika mengi hudai barua ya daktari. Uwanja wa Nduli, Iringa, uko karibu nasi zaidi, kama kilometa 90 tu. Siku yenye ndege pale, hesabu yote inageuka, kwa hiyo ulizia kwanza.

Yule aliyevimba miguu binti yake alikuwa ajifungue Dar mwezi Agosti. Alikata shauri kwenda wiki mbili kabla, kwa basi, akilala Morogoro kwa shemeji yake. Fedha ya ndege aliinunulia khanga mbili na unga wa ulezi.